Namna ya Kuisoma Medali ya Shaba ya Michezo, Kuanzia Ukingoni

Mtu akikabidhiwa medali ya shaba huitazama usoni, huuliza mwenyewe alikuwa wa ngapi, kisha huirudisha. Hapo kashika kazi ya sanaa kwa sekunde nne tu. Mwongozo huu ni wa wanaotaka kukaa nayo kwa saa nzima: mjukuu aliyeikuta ndani ya kasha la babu, mwalimu wa michezo anayetaka kuagiza medali zenye maana kwa shule yake, na mnunuzi wa vitu vya kale anayeogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwanza tuvunje mazoea moja. Tumezoea kuiona shaba kama zawadi ya aliyekosa dhahabu na fedha. Mpangilio huo si wa kale: kwenye Olimpiki ulianza St. Louis mwaka 1904. Athens mwaka 1896 mshindi alipewa fedha, wa pili akapewa shaba, wa tatu akarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa wasanii wa medali, shaba haijawahi kuwa ya tatu. Ndiyo metali waliyoichagua tangu mchoraji wa Italia aitwaye Pisanello, yapata mwaka 1438, alipoisubu, yaani alipoimimina ikiwa imeyeyuka, medali ya Mfalme Yohane wa 8 wa Konstantinopoli, aliyekuwa amefika Ferrara kwa mtaguso wa makanisa. Upande mmoja aliweka uso wa mfalme na kofia yake ndefu, upande wa pili mfalme yuko juu ya farasi, na jina lake mwenyewe Pisanello akaliandika waziwazi kuwa ndiye mtengenezaji. Dhahabu inang'aa mno, na mng'ao humeza michoro midogo. Shaba hunywa mwanga sehemu za chini na kuurudisha sehemu za juu, kwa hiyo msuli wa paja wenye kimo kisichofika milimita moja huonekana kama msuli.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Tafuta kioo cha kukuzia cha mara kumi, kama cha masonara, tochi, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, sumaku, rula, au vania (kipimo cha fundi chenye taya mbili) kama unaye fundi jirani wa kukuazima, uzi na kikombe cha maji. Tandika kitambaa laini. Medali ya shaba ikianguka kwenye sakafu ya saruji ukingo hubonyea, na bonyeo halitoki. Ishike kwa ukingo, si kwa uso, maana jasho la vidole lina chumvi, na alama ya kidole gumba inaweza kubaki juu ya shaba miaka mingi baada yako.

Hatua ya kwanza: ijue ni medali ya nini

Kuna medali ya zawadi, inayokwenda kwa walioshinda. Kuna medali ya kumbukumbu, inayotolewa kwa kila aliyehusika, yaani wachezaji, makocha, waamuzi na maofisa. Na kuna plaketi, ambayo ni kazi ileile ila umbo lake ni la mstatili. Watu hudharau ile ya kumbukumbu kwa sababu imetolewa nyingi. Kisanaa mara nyingi ndiyo bora, kwa kuwa msanii hakubanwa na lazima ya kuonyesha mshindi.

Chukua ile ya Athens 1896. Medali ya zawadi ilibuniwa na Mfaransa Jules-Clément Chaplain: usoni Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki, ameshika dunia, na juu ya dunia amesimama Nike, mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki (ndiyo, viatu vilichukua jina kwake), mgongoni, magofu ya Akropoli, kilima cha mahekalu cha Athens. Nzuri, rasmi, baridi kidogo. Medali ya kumbukumbu ilibuniwa na mchoraji wa Kigiriki, Nikiforos Lytras. Kwake Nike ameketi na taji la majani mkononi, na mbele yake feniksi, ndege wa hadithi anayezaliwa upya kutoka kwenye moto, anainuka. Michezo iliyokufa karne nyingi imefufuka. Lytras kalisema hilo kwa ndege mmoja bila kuandika sentensi.

Jambo la kuangalia hapa ni kishikizo cha juu. Washindi wa Olimpiki walianza kuvishwa medali shingoni Roma mwaka 1960. Kabla ya hapo walikabidhiwa mkononi. Kwa hiyo medali ya Olimpiki ya 1928 isiyo na tundu ni sawasawa, na yenye tundu imetobolewa baadaye na mtu aliyetaka kuivaa.

Hatua ya pili: ijue metali

Kiswahili kinatutega hapa. Neno letu moja, shaba, limebeba metali tatu. Iko nyekundu ya nyaya za umeme, ambayo ni shaba tupu. Ndiyo iliyoipa Katanga jina la Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Iko ya njano, ya vitasa, masinia na njumu za milango ya Zanzibar na Lamu, ambayo imechanganywa na zinki. Na iko ya hudhurungi ya sanamu, iliyochanganywa na bati. Sisemi bati la kuezekea, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki, bali bati lenyewe, metali nyeupe na laini. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya jamii hii ya tatu, na ukitaka kujua shaba hubadilikaje rangi ikikaa nje miaka mingi karibu na bahari, kaitazame.

Medali huitwa ya shaba hata pale ambapo fundi angebisha. Za Tokyo 2020 ni asilimia 95 shaba nyekundu na asilimia 5 zinki, bila bati hata chembe. Kwa ukoo ziko karibu na kitasa cha mlango kuliko sanamu. Hilo halizipunguzii kitu. Metali yake ilitoka kwenye vifaa vya umeme vilivyochangwa na wananchi wa Japani, zikiwemo simu za mkononi zipatazo milioni 6.2, na hapo metali yenyewe ikawa alama kabla msanii Junichi Kawanishi hajagusa penseli. Paris 2024 walifuata njia hiyohiyo, wakaweka katikati ya kila medali kipande cha gramu 18 cha chuma kilichotoka Mnara wa Eiffel, chenye pembe sita kama umbo la ramani ya Ufaransa.

Sasa upimaji. Sumaku kwanza: shaba haivutwi, kwa hiyo ikivutwa ni chuma kilichochovywa. Lakini aloi ya zinki, ambayo ndiyo medali nyingi za bei nafuu za siku hizi, nayo haivutwi. Hapo ndipo kikombe cha maji kinaingia.

Pima uzito wa medali mkavu, uandike. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza kitufe namba irudi sifuri. Funga medali kwa uzi mwembamba, izamishe yote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, ukiwa umeshika uzi. Namba itakayotokea ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito kwa ujazo. Medali ya gramu 96 iliyotoa namba 11 inakupa 8.7, nayo ni shaba; jamii zote tatu huangukia kati ya 8.4 na 9. Medali iliyotoa namba 11 na uzito wake ni gramu 74 inakupa 6.7, na hiyo ni zinki iliyochovywa rangi ya shaba, hata kama muuzaji anaapa kwa vitabu vyote. Vua utepe kwanza, kausha mara moja ukimaliza, na usifanye jaribio hili kwenye medali yenye unga wa kijani au iliyopakwa rangi.

Hatua ya tatu: ukingo

Ukingo ndio cheti cha kuzaliwa. Kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu cha Paris, Monnaie de Paris, kimekuwa kikipiga alama ndogo ukingoni tangu mwanzo wa miaka ya 1830, na alama hiyo imekuwa ikibadilika. Mkono unaonyoosha kidole ni wa 1845 hadi 1860. Nyuki ni wa 1860 hadi 1880. Kuanzia 1880 ni pembe ya neema, yaani pembe iliyojaa matunda. Kando yake huandikwa metali kwa Kifaransa: BRONZE, CUIVRE kwa shaba tupu, ARGENT kwa fedha. Utahitaji kioo, herufi ni ndogo kama za maandishi ya dawa.

Paris wana tabia ya kurudia kupiga medali za zamani kwa mihuri ileile. Tarehe iliyo usoni ni ya tukio, si lazima iwe ya siku medali ilipotengenezwa. Medali ya 1870 yenye pembe ya neema ukingoni imepigwa baada ya 1880, na bei yake iwe hivyo.

Ukiona ukingoni mstari mwembamba unaozunguka kama mshono wa chupa ya plastiki, medali imesubiwa kwenye kalibu (chombo cha kumiminia metali) ya vipande viwili. Ukiona mistari ya tupa, mtu ameusawazisha kwa mkono.

Hatua ya nne: imesubiwa au imepigwa chapa?

Kusubu ni kumimina shaba iliyoyeyuka, karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, kwenye kalibu. Kupiga chapa ni kuibana sahani ya shaba kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua, mara nyingi zaidi ya mara moja, na kati ya pigo na pigo sahani hupashwa moto ilegee, kwa sababu shaba ikigongwa huwa ngumu.

Ukitazama kwa kioo, iliyosubiwa ina ngozi: vitundu vidogo vya hewa, kingo za herufi zilizolainika kama sabuni iliyotumika, sehemu ya tambarare inayoyumba kidogo. Iliyopigwa ina herufi zenye makali na tambarare iliyonyooka. Hakuna iliyo bora kwa asili. Iliyosubiwa ina mkono wa msanii ndani yake, iliyopigwa ina uhodari wa mashine.

Tahadhari ni pale medali inayojulikana kuwa ya kupigwa inapokuja kwako ikiwa na ngozi ya kusubiwa. Mtu ametengeneza kalibu kutokana na medali halisi na kumimina nakala. Ipime kwa rula: shaba ikipoa husinyaa kiasi cha asilimia moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo nakala ya medali ya milimita 60 hutoka na milimita 59 au chini kidogo. Milimita moja imewaumbua wauzaji wengi.

Kuna mashine moja ya kuijua kwa jina, maana imebadilisha sanaa hii nzima. Zamani msanii alilazimika kuchonga muhuri wa chuma kwa ukubwa uleule wa medali, kinyume, akiwa ameinama na kioo jichoni. Mashine za kupunguza zilikuwepo, lakini ile aliyoisajili Victor Janvier wa Paris mwaka 1899 ilipunguza mchoro mkubwa moja kwa moja hadi kwenye chuma kwa usahihi mkubwa. Msanii akaanza kufanya kazi kwa udongo na plasta, sahani ya upana wa sentimita 20 au 30, kwa mikono miwili na nafasi ya kupumua. Ndiyo maana medali za Wafaransa wa kipindi kile zina ulaini wa ngozi ya mtu: zilifinyangwa, hazikuchongwa. Ukiona mistari midogo sana ya duara, kama ya santuri, kwenye sehemu tambarare, huo ni wayo wa mashine ya kupunguza ambao hakuna aliyeufuta.

Hatua ya tano: zima taa

Funga pazia. Washa tochi, iweke ubavuni mwa medali, chini kabisa, mwanga upite juu ya uso kama jua la saa kumi na mbili jioni linavyopita juu ya mchanga. Kisha izungushe medali polepole, tochi ikae palepale.

Utaona vitu ambavyo taa ya dari ilivificha: nyasi chini ya miguu ya mkimbiaji, saini ya msanii karibu na ukingo, mlima nyuma ya uwanja. Utaona pia mahali msanii alipotaka jicho litue, kwa sababu hapo ndipo vivuli ni virefu. Kwenye medali duni vivuli vyote vina urefu mmoja. Kila kitu kimeinuliwa sawa, na jicho halina pa kwenda.

Hatua ya sita: alama

Watanzania wa umri fulani, tukirusha sarafu, tulisema kichwa au mwenge, kwa sababu ya shilingi ya 1966 iliyokuwa na kichwa cha Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Medali inasomeka hivyohivyo. Upande wa kichwa unasema nani, upande wa mwenge unasema kwa nini. Soma pande zote mbili kama methali, ambayo nusu yake ya kwanza huomba ya pili.

Taji la majani ni la kuangaliwa kwa kioo. Wagiriki walikuwa na michezo mikuu minne, na kila mmoja na jani lake: mzeituni Olympia, loreli Delphi, figili-mwitu Nemea, msonobari Isthmia. Msanii aliyesoma hatachanganya. Jani la mzeituni ni jembamba na lina matunda madogo yenye umbo la yai. La loreli ni pana zaidi na limechongoka. Medali nyingi za Olimpiki zimeweka loreli ambako ungetarajia mzeituni, na hilo linakuambia kwamba msanii alijifunza ushindi kutoka Roma kuliko Olympia.

Kuti la mtende ni ushindi pia. Wakristo wanalijua kwa Jumapili ya Matawi. Mwenge unahitaji uangalifu. Sisi tukiuona tunawaza kilele cha Kilimanjaro mwaka 1961. Kwenye Olimpiki, mbio za kupokezana mwenge zilianza Berlin 1936, hivyo mwenge kwenye medali ya mwaka 1910 hauhusiani na mbio hizo. Pale ni elimu, au uhai, au ujana. Pete tano zilibuniwa na Pierre de Coubertin mwaka 1913. Ukiletewa medali "ya 1908" yenye pete tano, mshukuru mwenyewe na umrudishie.

Alama za mahali ndizo tamu zaidi. Antwerpen, Ubelgiji, 1920, kazi ya Josué Dupon: mgongoni yuko Brabo, shujaa wa ngano za mji huo, anautupa mkono wa jitu alioukata. Mgeni ataona mtu anarusha kitu na kudhani ni mchezo fulani wa kurusha. Mwenyeji anaona jina la mji wake likielezwa, maana wao husimulia kwamba Antwerpen ni kutupa mkono. Utani huo umetulia pale zaidi ya miaka 100.

Na kuna ile ninayoipenda kuliko zote, ya Paris 1924, ya André Rivaud. Usoni hakuna mungu, hakuna hekalu. Kuna mwanamichezo aliyeshinda, ameinama, anamshika mkono mpinzani aliyekaa chini ili amwinue. Basi. Rivaud alikuwa na duara la milimita 55 tu, na amelitumia vizuri: mwili mmoja unashuka, mwingine unapanda, na mikono inakutana karibu na katikati. Funika mikono hiyo kwa ncha ya kidole uone medali inavyokufa.

Kosa maarufu kuliko yote ni la Giuseppe Cassioli wa Florence. Mwaka 1928 medali yake ilianza kutumika Amsterdam: Nike ameketi, kuti la mtende mkono wa kushoto, taji mkono wa kulia, na nyuma yake jengo la mviringo lenye matao. Matao hayo ni ya Koloseo la Roma, mahali pa mapambano ya kufa na kupona, si pa michezo ya Wagiriki. Uso huo ulirudiwa, kwa mabadiliko madogo, hadi Sydney 2000. Ulibadilishwa Athens 2004, pale Elena Votsi alipomsimamisha Nike, akamwiga yule aliyechongwa na Paionios huko Olympia, akamtua ndani ya uwanja wa Athens uliotumika 1896. Kwa hiyo kabla ya kuisifu alama, jiulize ni ya nani.

Mfano: medali ya Kiprugut

Tuweke hatua zote pamoja juu ya medali moja inayotuhusu. Oktoba 1964, Tokyo, fainali ya mita 800. Peter Snell wa New Zealand wa kwanza, Bill Crothers wa Kanada wa pili, na wa tatu, kwa dakika 1 na sekunde 45.9, Wilson Kiprugut wa Kenya. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, mwaka mmoja hivi baada ya uhuru.

Kichwa chake ni Nike wa Cassioli, pamoja na Koloseo lake la makosa, na maandishi ya Olimpiadi ya 18, Tokyo 1964. Mwenge wake, yaani mgongo, pia ni wa Cassioli: umati umembeba mwanamichezo juu mabegani, mkono wake umeinuliwa, uwanja uko nyuma. Hapa tulia. Mchoro huu uko kwenye dhahabu, fedha na shaba bila tofauti. Muhuri haujui nafasi ya mtu. Metali ndiyo inayojua. Aliyeshika nafasi ya tatu naye kapewa picha ya kubebwa, na ukiiweka picha hiyo kando ya Kenya ya 1964, taifa changa lisilo na medali nyingine ya Olimpiki hata moja, haina chumvi yoyote. Lakini watu walio chini, wanaobeba, wana misuli na mikao kuliko anayebebwa. Cassioli aliweka kazi yake kubwa kwenye mabega yao. Sidhani ilikuwa bahati.

Miaka minane baadaye, Munich, mgongo ukabadilika: Mjerumani Gerhard Marcks aliweka vijana wawili uchi, pacha Kasta na Poluksi wa hadithi za Kigiriki, mistari michache, karibu kama mchoro wa penseli. Hiyo ndiyo medali ya dhahabu aliyoondoka nayo John Akii-Bua wa Uganda. Ukipata picha za medali hizi mbili, ziweke kando kwa kando. Moja inapiga kelele, nyingine imenyamaza.

Hatua ya saba: usiisugue

Nitalisema hili kwa sauti kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuharibu moja. Nilikuwa na medali ya kuogelea, kahawia ya kuiva kama kahawa, nikaisugua kwa ukwaju na majivu kama nilivyoona nyumbani wakisugua masinia ya sikukuu. Iling'aa kweli. Ilipoteza pia vivuli vyote vilivyokuwa kati ya vidole vya mwogeleaji, na ndani ya wiki tatu ilikuwa na madoa.

Ule weusi na ukahawia si uchafu. Mara nyingi ni rangi iliyotiwa na fundi mwenyewe kwa dawa na moto, kisha ikafutwa kidogo sehemu za juu ili mchoro usomeke. Ukwaju, limau, siki, dawa ya meno na dawa za kung'arishia shaba zote huiondoa, na hairudi. Vumbi ondoa kwa brashi laini ya rangi. Kama kuna mafuta ya mikono, tumia pamba yenye maji yaliyokenekwa, kausha papo hapo.

Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni chumvi ya hewani. Kutu ya kijani iliyoshikamana, laini, ngumu, iache. Ni ngozi ya uzee. Unga wa kijani kibichi mpauko unaotoka ukiguswa, na unaorudi baada ya kufutwa, ni ugonjwa: chumvi imeingia ndani na inaendelea kula. Tenga medali hiyo na nyingine, iweke mahali pakavu kabisa, na umtafute mtaalamu wa makumbusho kabla hujajaribu lolote.

Ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi au kitambaa cha pamba, ndani ya kopo linalofunga vizuri lenye vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usitumie raba, sufu, wala mifuko laini ya plastiki inayonuka. Vyote hutoa hewa inayokula shaba.

Na usidhani medali mpya iko salama. Siku chache tu baada ya kupata shaba yake Paris 2024, Mmarekani Nyjah Huston wa mchezo wa skateboard aliionyesha dunia ikiwa imebabuka. Baadaye kiwanda kilichozitengeneza, Monnaie de Paris, kiliahidi kubadilisha zilizoharibika. Utando wa juu ukishindwa, sanaa yote iliyo chini haina mtetezi.

Ukitaka kuagiza ya kwenu

Shule na klabu nyingi huagiza medali kwa kutuma nembo na jina la mfadhili. Kinachorudi ni kitufe kikubwa. Jaribu njia nyingine.

Chagua tukio moja, na lisiwe la kumaliza. Mkimbiaji aliyekata utepe hana anakokwenda tena. Myron, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alimsimamisha mrusha kisahani wake pale mkono umefika nyuma kabisa, kabla haujarudi. Ya shaba imepotea, zimebaki nakala za marumaru, na bado tunangoja arushe. R. Tait McKenzie, Mkanada aliyekuwa daktari na mwalimu wa mazoezi ya mwili, alifanya hivyohivyo kwenye duara lake la shaba la 1912 lililowekwa ukutani kwenye uwanja wa Stockholm: waruka viunzi watatu, mmoja nyuma ya mwingine, ukiwatazama haraka unaona ni mtu mmoja anaruka kwa hatua tatu. Aliwapima wanamichezo kwa utepe kabla ya kuwafinyanga.

Kisha tafuta umbo linalokaa kwenye duara. Resi za ngalawa ni zawadi kwa msanii: tanga la pembetatu linajaza duara lenyewe, na mwinamo wa chombo unatoa mwendo bila kuongeza mstari. Mbio za punda za Lamu zinataka ujasiri zaidi. Mimi ningemwacha punda nusu, masikio na kifua tu vikiingia kutoka ukingoni, na mpandaji ameegemea nyuma. Mpira wa miguu ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa duara ndani ya duara huvuta jicho hadi mpirani na kuliacha hapo, usiuweke katikati.

Finyanga kwa udongo au plastisini, sahani ya sentimita 20. Ipige picha, ipunguze kwenye simu hadi iwe na upana wa sentimita 6, kisha ifumbie macho nusu. Kisichoonekana, kitoe. Maneno yasizidi mstari mmoja, na nembo ya mfadhili iende mgongoni au kwenye utepe. Acha nafasi tupu ya kuchonga jina la mtu.

Ukienda kwa fundi muulize metali gani, na muulize kama anasubu au anapiga. Kwa vipande 20 au 30 kusubu kunatosha. Muhuri wa chuma ni ghali na hulipa tu kama mnataka mamia, au kama mtautumia kila mwaka. Omba kipande kimoja cha majaribio, na nenda nacho nyumbani ukakipime kwenye kikombe cha maji.

Hatua ya mwisho: kadi

Kata karatasi ngumu ukubwa wa kiganja. Andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino: upana, unene, uzito, ile namba ya kwenye maji, alama za ukingoni, jina la msanii kama umeliona, kilicho kichwani na kilicho mwenge. Chini yake andika ilitoka kwa nani, lini, na alisema nini alipoitoa, kwa maneno yake. Medali ya babu bila kadi, baada ya vizazi viwili, huuzwa kwa kilo.